Kama Waakadia walifukuzwa wote, mbona bado wako Moncton?

Swali: "Mwalimu, salamu nyingi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Bukavu, sasa tunaishi Moncton, Kanada. Wanangu wanasoma shule ya Kifaransa. Kila tarehe 15 Agosti watu hapa hutoka barabarani na bendera kama ya Ufaransa yenye nyota ya manjano, wanapiga masufuria na kupuliza mavuvuzela. Mtoto wangu mkubwa amefundishwa shuleni kwamba Waakadia walifukuzwa na Waingereza mwaka 1755, akaniuliza: 'Mama, nao walikuwa wakimbizi kama sisi?' Nilikosa jibu. Kazini mmoja aliniambia walifukuzwa kwa sababu walikataa kula kiapo kwa mfalme, kwa hiyo walijitakia wenyewe. Mwingine akasema wote walipelekwa Louisiana. Sasa kama wote walipelekwa huko, hawa ninaoishi nao ni nani? Na je, ni vibaya mimi mgeni kuwauliza habari hizi?"

Salamu zimefika, mama. Nikiisoma barua yako naona kinachokusumbua si tarehe wala majina ya magavana. Mwanao amekuuliza jambo zito, nawe hutaki kumpa jibu la kubahatisha. Tena hutaki kuwakwaza watu unaofanya nao kazi. Uliyoambiwa kazini yana chembe ya ukweli, lakini yamekatwa vibaya, na ukiyachukua hivyo hivyo utampa mtoto hadithi inayowalaumu waliotendewa. Niruhusu niende polepole.

Tuanze na watu wenyewe. Waakadia ni uzao wa Wafaransa waliohamia mashariki ya Kanada ya leo, nchi iliyoitwa Akadia. Wafaransa walijaribu kuweka makao sehemu hizo mwaka 1604, kwenye kisiwa kidogo cha Sainte-Croix. Wanaume 79 walibaki pale majira ya baridi, na karibu nusu yao wakafa kwa kiseyeye. Mwaka uliofuata walionusurika wakavuka Ghuba ya Fundy na kujenga Port-Royal. Familia za wakulima zilianza kufika miaka ya 1630, na hata baada ya hapo wageni kutoka Ufaransa walikuja kwa kudondoka tu. Sensa ya 1671 ilihesabu watu wapatao 400. Kufikia 1755 uzao wao, pamoja na waliooana nao kutoka kwa Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa nchi ile, na Waingereza wachache, ulikuwa umefika takriban watu 14,000. Ndiyo maana majina ya ukoo unayoyasikia hapo Moncton hujirudia sana: LeBlanc, Cormier, Landry, Melanson, Richard, Arsenault. Ni watu wa mababu wachache.

Ardhi ndiyo kiini cha habari hii, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Hakuna mahali duniani ambapo bahari hujaa na kupwa kama katika Ghuba ya Fundy. Katika sehemu nyingine, tofauti kati ya maji kupwa na bamvua hufika mita 16. Mto Petitcodiac unaopita mjini kwenu bila shaka umeuona: saa hii ni tope tupu, baadaye wimbi la maji ya kahawia linapanda kinyume cha mkondo. Ni bahari ya ghuba ile ile inayoingia. Waakadia hawakutegemea kufyeka misitu kama walowezi wengine. Walijenga matuta marefu ya udongo na majani kandokando ya mito, na kila tuta lilipokutana na kijito walilaza chini yake mfereji wa mbao wenye mlango mdogo unaoning'inia ndani. Bahari ikipwa, maji ya mvua kutoka shambani huusukuma mlango yakatoka. Bahari ikijaa, maji yake yenyewe huubana mlango ukafungika, yasiweze kuingia. Mfereji huo wanauita aboiteau. Tuta likiisha kujengwa, walisubiri miaka miwili mitatu mvua ioshe chumvi, halafu wakawa na shamba la ngano na malisho lenye rutuba isiyoisha upesi.

Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu mmoja. Tuta likibomoka kwa jirani, maji ya chumvi yataingia na kwako. Kwa hiyo kijiji kizima kilishika majembe pamoja, kizazi baada ya kizazi, na mshikamano wao ukatokana na hilo kuliko amri ya mfalme yeyote. Na kwa kuwa walilima zaidi tope walilomnyang'anya bahari, wakaacha sehemu kubwa ya misitu ya uwindaji, waliishi na Wami'kmaq kwa ujirani ambao walowezi wengi wa Amerika hawakuwahi kuujua. Hili mwanao alisikie pia: kabla ya Mfaransa na kabla ya Mwingereza, nchi ile ilikuwa na wenyewe, nao wapo mpaka leo.

Sasa twende kwenye kiapo. Akadia ilipita mikononi mwa Wafaransa na Waingereza mara kadhaa, hadi Waingereza walipoiteka Port-Royal mwaka 1710 na mkataba wa Utrecht wa 1713 ukawakabidhi nchi. Ufaransa ikabaki na visiwa viwili vya jirani: Île Royale, yenye ngome ya Louisbourg, na Île Saint-Jean, ambacho leo ni Kisiwa cha Prince Edward. Waakadia wakajikuta raia wa mfalme mmoja huku jeshi la mfalme mwingine likiwa mlangoni. Walitakiwa kuapa utii kwa Uingereza, na hawakukataa utii wenyewe. Walichokataa ni kiapo kisicho na sharti lolote, maana kingewalazimisha kubeba bunduki dhidi ya Wafaransa na dhidi ya Wami'kmaq, majirani na wakwe zao. Mwaka 1730 Gavana Richard Philipps alipokea kiapo chao na akawaahidi kwa mdomo kwamba hawatapelekwa vitani. Ahadi hiyo haikuingizwa kwenye hati aliyoituma London. Kwa miaka 25 watu waliishi wakiitegemea, na maofisa wa Kiingereza wenyewe wakawa wanawaita Wafaransa wasio na upande.

Mwenzako wa kazini ana haki katika jambo moja, na sitalificha. Si Waakadia wote walikaa kando. Padri mmoja Mfaransa, Jean-Louis Le Loutre, alihimiza vita dhidi ya Waingereza, na mwaka 1750 kijiji cha Beaubassin kilichomwa moto na watu wa upande wake ili wakazi walazimike kuhamia eneo la Wafaransa. Ofisa wa Kiingereza Robert Monckton alipoiteka ngome ya Wafaransa ya Beauséjour Juni 1755, alikuta ndani yake mamia ya Waakadia wenye silaha. Wao walisema Wafaransa waliwatisha kwa kifo wasipopigana, na kamanda wa ngome alithibitisha hilo. Lakini wapo waliopigana kwa hiari yao, na Joseph Broussard, aliyejulikana kwa jina la Beausoleil, ni mmoja wao. Kwa gavana wa Kiingereza, hofu ya usalama haikuwa ya kubuni tupu.

Lakini fuatilia yaliyotokea mwanzoni mwa Julai mwaka huo, maana hapo ndipo neno "walijitakia" linapoanguka. Kwanza, watu wa kijiji cha Kiakadia cha Grand-Pré na vijiji vya jirani walikuwa wameshanyang'anywa bunduki na mitumbwi yao tangu Juni. Wajumbe wao wakaitwa Halifax, makao ya serikali ya Kiingereza, mbele ya Luteni Gavana Charles Lawrence na baraza lake, wakaambiwa waape pale pale, bila sharti. Waliomba kwanza warudi kushauriana na watu wao, wakanyimwa. Wakakataa kuapa. Wakaambiwa kuanzia sasa wao si raia tena, watafungwa na kupelekwa nje ya nchi. Kusikia hivyo wakabadili msimamo, wakasema basi wataapa. Baraza likajibu kwamba wamechelewa, kiapo chao hakipokelewi tena. Wakatiwa kizuizini kwenye kisiwa kidogo bandarini Halifax.

Soma tena hapo, mama. Kama tatizo lingekuwa kiapo, kiapo kilikuwa kimepatikana. Tarehe 28 Julai 1755 baraza likaamua Waakadia wote waondolewe, pamoja na wanawake na watoto ambao hakuna aliyewahi kuwataka waape. Hakuna aliyeshtakiwa, hakuna aliyesikilizwa. Na mwaka mmoja kabla, Agosti 1754, Lawrence alikuwa ameshawaandikia wakubwa wake London kwamba watu hawa ndio wanaoshika ardhi bora na kubwa kuliko zote katika jimbo, kwamba jimbo haliwezi kukaliwa vizuri na walowezi wengine hali ikibaki hivyo, na kwamba wakikataa kiapo ingekuwa bora wasiwepo. Mimi kwa maoni yangu vita vilimpa nafasi, kiapo kikampa sababu ya kuandika kwenye karatasi, na yale mashamba ya matuta yalikuwa mezani tangu mwanzo. Wapo wanahistoria wanaotia uzito zaidi hofu ya kijeshi, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwa sababu Uingereza na Ufaransa zilikuwa zinaingia vitani. Lakini hofu ya kijeshi haielezi kwa nini walowezi walikuja kukalishwa kwenye mashamba hayo hayo miaka michache tu baadaye.

Amri ilikuwa ya siri, watu wasipate kukimbia. Huko Grand-Pré kazi ilimwangukia Luteni Kanali John Winslow wa Massachusetts. Tarehe 5 Septemba 1755, saa tisa alasiri, wanaume na wavulana kuanzia miaka kumi waliitwa kanisani kusikiliza tangazo la mfalme. Waliingia 418. Milango ikalindwa na askari, na Winslow, amesimama penye meza iliyowekwa katikati ya kanisa, akawasomea kwamba ardhi yao, nyumba zao na mifugo yao yote sasa ni mali ya mfalme, na wao wenyewe wataondolewa. Wataruhusiwa kuchukua fedha taslimu na vyombo vya nyumbani kadiri merikebu zitakavyobeba. Tangazo lilisomwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa. Tunayajua haya kwa sababu Winslow aliandika shajara siku kwa siku, na humo anakiri kwamba kazi hii inapingana na tabia yake. Akaifanya hata hivyo. Tarehe 10 Septemba vijana walitolewa kwanza wapelekwe merikebuni. Walikataa kwenda bila baba zao, askari wakaweka singe kwenye bunduki, wakasukumwa. Njiani kutoka kanisani hadi ufukweni, kwa maelezo ya Winslow mwenyewe, walikwenda wakisali, wakiimba na kulia, na wanawake na watoto wakawapokea wamepiga magoti. Merikebu ziling'oa nanga mwishoni mwa Oktoba. Katika wilaya hiyo askari wake walichoma nyumba zaidi ya 250 na maghala ya nafaka zaidi ya 270, ili aliyejificha msituni asipate pa kurudi.

Watu wengi hudhani ukatili wa tukio hili ni kule kutolewa majumbani tu. Ukatili mkubwa zaidi, na uliopangwa kwa makini, ulikuwa namna walivyogawanywa. Lawrence hakuwapeleka Quebec wala Louisbourg, maana huko wangeongeza nguvu ya Ufaransa. Aliwatawanya katika makoloni ya Kiingereza kutoka Massachusetts hadi Georgia, na kwenye barua aliyowapa manahodha wawapelekee magavana wa huko alieleza sababu waziwazi: wakitawanyika hawataweza kukusanyika tena kwa urahisi. Jamii iliyosimama kwa kushika tuta pamoja ilitakiwa iyeyuke, familia hii hapa, familia ile kule, ndani ya watu wa lugha nyingine na dini nyingine. Winslow alijitahidi kuweka familia moja merikebu moja, lakini katika msongamano na vurugu nyingine zilitengana, na vijiji vikachanganywa ovyo. Merikebu zilijazwa kupita kiasi. Moja iliyoelekea Carolina Kusini, iliyoitwa Edward Cornwallis, ilipakia watu 417. Walioshuka hai walikuwa 207.

Magavana wa makoloni wengi wao hawakuwa wameulizwa. Merikebu ziliwafikia pamoja na barua. Philadelphia watu walishikiliwa mtoni wiki kadhaa huku ndui ikiwamaliza, na aliyejitokeza kuwahudumia zaidi ya wote alikuwa Mkweka mmoja (muumini wa madhehebu ya Kikristo yanayopinga vita), Anthony Benezet, aliyejulikana pia kwa kupinga utumwa. Massachusetts watoto waligawiwa kwa familia za Kiingereza wakafanye kazi, na mzazi hakuruhusiwa kuvuka mpaka wa mji bila kibali. Virginia ilikataa kabisa kuwapokea watu zaidi ya elfu moja, ikawasukuma Uingereza, ambako walikaa kizuizini katika miji ya bandari kama Liverpool na Bristol mpaka 1763. Ndui iliua wengi huko pia. Mwaka 1758, Louisbourg ilipoanguka, ikawa zamu ya Waakadia wa Île Saint-Jean. Karibu 3,000 walipakiwa kupelekwa Ufaransa. Desemba mwaka huo merikebu mbili, Duke William na Violet, zilizama katika Atlantiki na watu zaidi ya 600. Hesabu yote kwa jumla, kati ya 1755 na 1763, takriban watu 10,000 walihamishwa kwa nguvu, na maelfu wakafa kwa maradhi, njaa na bahari. Waakadia wenyewe huuita wakati huo wote Le Grand Dérangement, yaani Msukosuko Mkuu.

Sasa hao unaoishi nao ni nani? Wengi wao ni uzao wa waliotoroka na waliorudi. Karibu na mahali ulipo, wanaume 86 waliofungwa katika ngome ya Lawrence walichimba njia chini ya ukuta, wakatoroka usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 1755. Watu 232 wa Port-Royal, ambayo Waingereza waliiita Annapolis Royal, walipakiwa kwenye merikebu Pembroke kupelekwa Carolina Kaskazini. Wakiongozwa na Charles Belliveau waliwazidi nguvu mabaharia, wakageuza merikebu na kuifikisha kwenye mto Saint John. Na kwenye huo mto wenu Petitcodiac, Septemba 1755, askari waliotumwa kuchoma vijiji walishambuliwa na Waakadia na Wami'kmaq chini ya ofisa Mfaransa Boishébert, wakarudi nyuma wakiwa wamepoteza watu wengi. Maelfu walikimbilia misitu ya kaskazini. Katika kambi ya Miramichi, majira ya baridi ya 1756 kwenda 1757, mamia walikufa kwa njaa. Walioponea chupuchupu waliokolewa mara nyingi na Wami'kmaq.

Vita vilipokwisha, tangu 1764 Waingereza waliruhusu Waakadia kurudi kuishi Nova Scotia, jina ambalo Waingereza waliliita jimbo hilo, wakila kiapo, kwa sharti wakae kwa vikundi vidogo vilivyotawanyika. Mashamba yao hawakurudishiwa. Yalikuwa yameshagawiwa walowezi wapatao 8,000 kutoka New England, yaani Massachusetts na makoloni ya jirani yake. Hapa kuna jambo ambalo kila nikilifundisha wanafunzi hunyamaza. Novemba 1759 dhoruba kali ilibomoa matuta, chumvi ikaingia mashambani, na walowezi wapya hawakujua kuyajenga. Ikabidi wafungwa wa Kiakadia watolewe ngomeni wakatengeneze matuta ya mashamba yaliyokuwa yao, kwa ujira, chini ya mabwana wapya. Waliorudi wengine walitembea kwa miguu miezi mingi kutoka Massachusetts, wakakuta milango ya nyumba zao ikifunguliwa na wageni, wakaendelea mbele hadi pwani ambazo hakuna aliyezitaka: Baie Sainte-Marie, Chéticamp, Caraquet. Wakulima wakawa wavuvi. Bonde la Memramcook, karibu na Moncton, ni moja ya sehemu chache ambako walifanikiwa kurudi kwenye ardhi ya matuta kando ya maji ya chumvi.

Na Louisiana je? Mwaka 1755 hakuna merikebu hata moja iliyopeleka Waakadia Louisiana. Walikwenda wenyewe, baadaye, wakitafuta mahali pa kukusanyika tena. Kikundi kidogo kilifika 1764. Februari 1765 Beausoleil akafika na watu karibu 200 kutoka Halifax kupitia Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, naye akafa mwaka huo huo. Wengine walikuja kutoka Maryland na Pennsylvania. Mwaka 1785 Hispania, iliyokuwa ikiimiliki Louisiana wakati huo, ililipia merikebu saba zikawatoa Ufaransa Waakadia wapatao 1,600 waliokuwa wamekaa kule miaka zaidi ya ishirini bila kupata ardhi ya kuwatosha. Uzao wao, uliochanganyika na watu wengine wengi, ndio wanaoitwa Cajun. Kwa hiyo mwenzako aliposema "wote walipelekwa Louisiana" alichanganya mwanzo na mwisho wa safari ya baadhi yao. Na kama umesikia habari za Évangeline aliyetenganishwa na mchumba wake, huyo si mtu aliyeishi. Ni mhusika wa utenzi wa Mmarekani Henry Wadsworth Longfellow uliochapishwa 1847. Familia zilizotenganishwa kweli ni nyingi na hazihitaji kubuniwa.

Mwanao aliuliza kama walikuwa wakimbizi kama ninyi. Mjibu hivi: baadhi yao ndiyo. Waliojificha Miramichi na kuvuka mito usiku na watoto mgongoni walikuwa wakimbizi kwa maana ile ile anayoijua. Waliopakiwa merikebuni hawakukimbia popote. Walikamatwa na kuhamishwa na serikali iliyowatawala, na huko walikopelekwa waliwekwa chini ya ulinzi. Tofauti hiyo si ya kucheza na maneno. Mkimbizi huchagua njia hata kama ni mbaya, na anatumaini kupokelewa. Hawa walinyimwa hata kuchagua uelekeo, na lengo la kuwapeleka mbali lilikuwa wasiwe tena jamii. Wanahistoria wanabishana juu ya jina la kulipa tendo hilo. Mimi sioni ushahidi kwamba Lawrence alipanga kuwaua wote; naona ushahidi mwingi kwamba alipanga kuing'oa jamii nzima kwenye nchi yake na kuivunja, akijua wengi watakufa, na leo sheria za kimataifa zingelihesabu hilo kuwa uhalifu mkubwa. London haikutoa amri hiyo moja kwa moja. Barua ya kumtaka awe mwangalifu ilitumwa Agosti 1755, ikafika mambo yameisha, na mwaka uliofuata akapandishwa cheo kuwa gavana. Desemba 2003 Kanada ilitoa tangazo kwa jina la Malkia Elizabeth wa Pili likikiri mateso hayo na kuitenga tarehe 28 Julai kuwa siku ya kumbukumbu kila mwaka. Tangazo lenyewe linasema wazi kwamba halikubali dhima ya kisheria, na hakuna ardhi wala fidia iliyotolewa.

Kuhusu hofu yako ya kuuliza: uliza. Mgeni anayeuliza kwa heshima hupokelewa vizuri, na wewe unazungumza nao Kifaransa, lugha waliyoipigania hadi 1969 ndipo jimbo lenu la New Brunswick likaipa hadhi sawa na Kiingereza. Usianze na kiapo, wala usianze na "kwa nini hamkuondoka". Uliza familia yao ilipitia wapi. Wengi wanajua: babu wa babu alirudi kutoka Boston, au alizaliwa Ufaransa, au hakuwahi kutoka msituni. Jua pia kwamba jina la mji wenu limetokana na Robert Monckton, yule yule aliyeiteka Beauséjour na kusimamia ukamataji katika eneo hilo, na kwamba chuo kikuu cha Waakadia kinabeba jina hilo hilo. Kuna wanaotaka libadilishwe na kuna wanaosema wameshalifanya kuwa lao. Huo ni mjadala wa nyumbani kwao. Sikiliza zaidi ya unavyosema. Ile kelele ya masufuria ya tarehe 15 Agosti, wanayoiita Tintamarre, inatangaza kwamba wapo. Tarehe yenyewe waliichagua kwenye mkutano wao wa Memramcook mwaka 1881, na bendera yenye nyota mwaka 1884. Toka na sufuria lako, hakuna atakayekushangaa.

Jambo la mwisho ni la mtoto, na hili siwezi kulimaliza kwa maandishi. Habari za vijiji kuchomwa na watoto kutenganishwa na wazazi zinaweza kumgusa mtoto aliyetoka Kivu kuliko wenzake darasani. Akiuliza na kuendelea kucheza, jibu maswali yake tu, na umwambie ukweli kwa kipimo cha umri wake. Ukiona analala vibaya, anaota ndoto za kutisha, anakataa kwenda shule au anarudia habari hizi bila kupumzika, usingoje. Nenda ana kwa ana kwa mwalimu wake na mshauri wa shule, uwaeleze mlikotoka, na uombe mtaalamu wa watoto waliopitia vita. Ukiona wewe mwenyewe huwezi kusimulia bila moyo kwenda mbio, omba msaada huo kwa ajili yako pia.

Kwa historia yenyewe una bahati ya kuishi jirani na hazina. Chuo Kikuu cha Moncton kina kituo cha masomo ya Kiakadia chenye nyaraka za koo na jumba la makumbusho. Jirani yako akitaka kujua babu zake walipita wapi, mwelekeze huko badala ya kutegemea miti ya ukoo ya mtandaoni, ambayo hunakiliana makosa. Monument-Lefebvre, jengo la kumbukumbu pale Memramcook, ni mwendo mfupi wa gari. Grand-Pré ni mbali zaidi, saa tatu hivi, na tangu 2012 eneo hilo limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mkifika, mpeleke mwanao kwanza kwenye matuta kabla ya kanisa la ukumbusho. Bado yanazuia bahari, na mashamba yaliyo nyuma yake bado yanalimwa.